Maalim Anainuka Barazani

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zetu, vijana wa barazani, na nyinyi watoto mliokaa mbele kabisa, ahsanteni kwa kuja.

Hapa kwetu mtu huinuka kwenye bao akifungwa. Ukifungwa unampisha mwenzako, unakwenda kunywa kahawa. Leo Maalim anainuka na hakuna aliyemfunga. Macho yamechoka. Ameniambia mwenyewe kwamba ikifika jioni kete anazijua kwa vidole tu. Kwa hivyo darasa la bao la Alkhamisi, alilolishika peke yake miaka yote hii, analiacha.

Niliombwa nianze na historia ya bao. Sianzi nayo. Kila aliyekaa hapa anajua mashimo 32 na kete 64, anajua namua, pale kete za mkononi zinapoingizwa, na mtaji, pale za mkononi zikishakwisha, na asiyejua amuulize jirani yake. Nimekuja na jambo langu lile lile. Nimelisema barazani, nimelisema tukitoka msikitini, nimelisema hata harusini: tunaficha bao. Mabingwa wetu wanajua, na wanazikwa na wanachokijua.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu bila ya kisa hiki hamtaelewa kwa nini mtu huyu nampenda.

Nilikuwa na miaka 19. Wenzangu wote wa mtaani nimeshawafunga, najiona nimeiva. Nikakaa mbele ya Maalim. Tukapanga kama ada, sita nyumbani, yaani lile shimo la mraba la safu ya mbele, mbili, mbili kwenye mashimo yanayofuata, na 22 mkononi. Mchezo wangu siku zile ulikuwa kulinda nyumba. Kete ya mwisho ikiingia nyumbani, nalala, yaani nakomea hapo hapo. Nafasi ya kusafiri, yaani kuzichukua kete za nyumba na kuendelea kuzitembeza, ninayo, nalala. Nyumba ikafika kete 15, zimejaa mpaka zinapandana, na mimi nimetulia kama mwenye ghala.

Maalim akatia kete moja kwenye shimo linaloitazama nyumba yangu. Aliitia taratibu. Yeye hajapata kuipiga kete kwa kishindo ili amtishe mtu. Akazila zote 15. Akaanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa, zikatembea safu ya mbele, zikapinda nyuma, zikaendelea, zikatokea mbele tena, akala, akaendelea, akala. Alipolala, safu yangu ya mbele haikuwa na hata kete moja, na hapo ndipo mtu hufungwa. Hamna! Na mkononi bado ninazo.

Nikainuka, ndiyo desturi. Akanishika mkono. "Kaa."

Akazikusanya kete, akaanza kuzipanga upya. Hakupanga bao jipya. Aliurudisha mchezo wetu ule ule, mahali nilipoanza kukosea, hatua nne kabla ya kufungwa. Hapa tatu, hapa moja, hapa patupu, nyumbani 11. Upande wake na upande wangu, shimo kwa shimo, na hajaandika popote. Halafu akaniuliza, "Hapa ulikuwa unaweza kusafiri. Nyumba hii ulikuwa unamwekea nani?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi safiri, tuone."

Nikasafiri. Akanifunga, lakini kwa tabu. Akarudisha tena. Mara ya tatu tulivuka namua tukaingia mtaji, na muadhini akaadhini magharibi tukiwa hapo hapo. Nilipokuwa nakwenda nyumbani ndipo iliponielea: saa nzima mtu huyu alikuwa ananionesha njia ya kumfunga yeye mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kila Alkhamisi. Aliyeshinda alimwacha aende zake. Aliyefungwa ndiye aliyekaa naye.

Najua kuna wazee hapa watasema: bingwa akitoa siri zake zote, atabakiwa na nini? Nimejibu mara ngapi swali hili? Bingwa asiye na wa kumshinda hana wa kucheza naye. Tazameni wenzetu wa sataranji. Mwaka 1858, Mmarekani Paul Morphy alicheza mchezo mmoja ndani ya jumba la opera mjini Paris, akaumaliza kwa hatua 17. Uliandikwa. Mtoto wa Unguja akitaka leo usiku ataucheza wote, kete kwa kete. Je, sataranji imekufa kwa kuandikwa? Sasa nitajieni bao moja, moja tu, la mabingwa wetu wa miaka ya 60 linaloweza kurudiwa hapa hatua kwa hatua. Mnanitazama tu.

Alikuja Mholanzi, Alexander de Voogt, akakaa na mabingwa wa hapa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake ya udaktari kule Leiden juu ya ubingwa wa bao. Mungu ambariki, alifanya kazi. Lakini mtu alipanda ndege kuja kuandika kitu ambacho sisi tunakilalia na kukiamkia, na sisi daftari hatuna! Hili linanikera, na sitaacha kulisema. Wala msiniambie bao haliandikiki. Shimo lina nambari, kete zinahesabika. Tatizo ni roho.

Nimepewa dakika 20 na naona mshika saa ananinyooshea kidole. Nilitaka kuzungumza juu ya watoto wa kike. Nasema moja tu: Maalim aliwaweka jamvini tangu mwanzo, na wapo hapa leo, waulizeni. Nilitaka kuzungumza juu ya skuli pia, mwalimu mkuu tutaonana nje. Na bei ya bao la mvule, tuliache.

Zawadi. Kamati ilitaka kumpa Maalim ngao ya kutundika ukutani. Nilikataa, na walionikasirikia naona wamekuja, nawashukuru. Tumenunua madaftari 12 ya hesabu, yale ya viboksi. Kila ukurasa umechorwa safu nne za mashimo manane. Kuanzia Alkhamisi ijayo, Maalim atakaa kwenye kiti pale pembeni ya jamvi, akiwa na nafasi na afya. Hachezi, hafundishi. Kijana mmoja atamsomea lilivyokaa bao, naye atasema anachotaka kusema, na mwengine ataandika. Na mabao ya zamani anayoyakumbuka, ya wale waliomfundisha yeye, ataanza kutusimulia moja moja.

Nilimwuliza jana kama atakubali. Akaniuliza kalamu zipo?

Zipo, Maalim. Watoto, sogezeni jamvi. Yule aliyefungwa Alkhamisi iliyopita ndiye atakayekaa karibu na kiti.