Bwana Rogers na reli yake: kisa cha Virginian Railway

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo. Leo naongelea kampuni moja ya reli ya Marekani, Virginian Railway, ambayo ilikuwa ndogo ukilinganisha na wenzake, kazi yake kubwa ilikuwa kutoa makaa ya mawe milimani West Virginia na kuyashusha baharini Norfolk, basi. Ila namna ilivozaliwa na namna ilivokufa, yote yalitokana na kitu kimoja, bei ya kusafirisha tani moja ya mzigo. Nani anaipanga na nani anabanwa.

Mwaka 1898 kulikuwa na injinia anaitwa William Page, ana kireli chake kifupi cha kuingia misituni kwenye makaa, Deepwater Railway. Kireli chenyewe kilikuwa hakifiki popote, ni lazima mzigo uje kudakwa na wakubwa wawili wa eneo lile, Chesapeake & Ohio na Norfolk & Western. Page akaenda kuongea nao bei. Wakampa bei ya kumfukuza. Huyu bei mbaya, yule naye bei mbaya, na sio bahati mbaya, nyuma ya hizo kampuni mbili kulikuwa na reli kubwa za kaskazini zenye hisa pande zote, zilikuwa zimeshakubaliana kuwa makaa yasishuke bei. Walijua Page atachoka awauzie kwa hela ya mboga.

Kilichowaponza ni kwamba hawakujua nani yuko nyuma ya Page. Alikuwepo Henry Huttleston Rogers, mmoja wa vigogo wa Standard Oil, kampuni kubwa ya mafuta ya kina Rockefeller, na huyo bwana sio wa kutishwa na bei. Page akaendelea kujifanya anabembeleza, huku mwaka 1904 inasajiliwa kampuni nyingine kabisa upande wa Virginia, Tidewater Railway, na karatasi zake hazionyeshi popote kwamba inahusiana na Deepwater. Inasimuliwa kwamba wapima ardhi wao walifika Norfolk siku ya Jumapili mvua inanyesha, wamevaa kama wavuvi, tena wamepanda treni ya mshindani wao hao hao, wakapima njia hadi Sewell's Point kwenye maji. Yani umekaa kwenye behewa la mtu unaenda kumpimia kaburi! Mpaka wakubwa wanashtuka, ardhi ishachukuliwa, na mwaka 1907 hizo kampuni mbili zikaunganishwa ikawa Virginian.

Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Reli nyingi za kipindi kile zilijengwa kwa mkopo, kwahiyo wanajenga harakaharaka, kona nyingi, milima wanaipanda kibishi, watarekebisha mbele ya safari. Rogers alitoa hela yake mwenyewe, inatajwa kama dola milioni 40, na mwaka 1907 masoko ya fedha yalipoanguka ilimuuma vibaya mpaka akapata kiharusi, lakini hakupunguza ubora. Kutoka Roanoke kwenda baharini reli inafuata bonde, mzigo umejaa haupandi kitu cha maana. Ikakamilika mwanzoni mwa 1909, zaidi ya kilomita 700. Mwezi wa nne wakafanya sherehe Norfolk, mwandishi Mark Twain akaja maana yeye na Rogers walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tarehe 19 Mei Rogers akafariki, hata huduma kamili haijaanza.

Sasa kulikuwa na sehemu moja tu iliyowatesa, mlima wa Clark's Gap, pale mzigo unapotoka migodini. Mwinuko wa asilimia 2 na kidogo, na treni imebeba makaa. Mwaka 1916 wakaleta kichwa cha mvuke cha ajabu, Triplex, ambacho kilikuwa na seti tatu za magurudumu ya kuvuta, na ile ya tatu iko chini ya tenda, pale panapobebwa maji na makaa ya kichwa chenyewe. Fikirieni akili ya mtu huyo: kadri unavopanda mlima unatumia maji, tenda inakuwa nyepesi, magurudumu yanaanza kuteleza, pale pale unapohitaji nguvu. Halafu boila haikuweza kushibisha silinda zote, mvuke unaisha njiani. Mwaka 1920 kikarudishwa kiwandani kwa Baldwin, waliokiunda, wakakipasua wakatoa vichwa viwili. Mimi huwa nakitetea kidogo, walau walijaribu.

Dawa ikawa umeme. Katikati ya miaka ya 1920 wakatandika waya kutoka Mullens, kule migodini, mpaka Roanoke, kama kilomita 215, na mtambo wao wa kufua umeme pale Narrows, unaochoma makaa yale yale wanayobeba. Treni inayoshuka mlima motor zake zinageuka kuwa jenereta, zinarudisha umeme kwenye waya, anayepanda anasaidiwa na anayeshuka. Miaka ya 1920 hiyo.

Kampuni ikawa na hela mpaka watu wakaiita reli ndogo tajiri kuliko zote duniani. Na hapo wakubwa wakaanza kuitamani. Norfolk & Western walijaribu kuikodi miaka hiyo hiyo ya 20, serikali ikakataa, ushindani utakufa. Wakasubiri. Tarehe 1 Desemba 1959 wakaichukua kwa kuungana, na serikali safari hii ikakubali, ikafungua mlango wa wimbi zima la miungano ya reli Marekani. Ndo wale wale waliomnyima Page bei.

Walichokitaka hasa ni ule mteremko mzuri wa Rogers. Makaa yaliyojaa wakayapitisha njia ya Virginian, mabehewa matupu yakawa yanarudi kwa njia yao ya zamani, ambayo haina waya. Vichwa vya umeme vikienda vimeenda, havina pa kurudia, kwahiyo 1962 umeme ukazimwa, na vichwa 12 vilivyokuwa bado vipya vikauzwa kwa reli ya New Haven. Kwa hesabu ya muunganishaji ni sawa kabisa, ila kwa mlipa bei wa kule migodini, yule mpinzani mmoja aliyekuwa anaweza kumkimbilia hayupo tena. Na Norfolk & Western yenyewe 1982 ikaungana na reli ya Southern, ikawa Norfolk Southern ya leo, na sehemu ya njia ile ya bondeni bado wanaitumia.

Haya, naona mikono. Tuanze na mama pale mbele, halafu kijana wa dirishani.