Inuka, Ule: Mtumishi Aliyechoka na Kivuli cha Shakahola

MWALIMU: Karibuni tena kipindini. Tuko Malindi, feni inazunguka juu yetu, na mkisikia mvumo ndiyo hiyo, maana kwa joto hili hatuizimi kwa ajili ya mtu. Niko na mwenzangu yule yule. Mchungaji, hujambo?

MCHUNGAJI: Sijambo, Mwalimu. Bwana asifiwe.

MWALIMU: Amina. Leo hatuna mgeni, tuna ujumbe wa sauti. Ametutumia kijana mwinjilisti wa upande wa Magarini, jina lake tunalihifadhi. Kanisa lake lilianzia chini ya mkorosho, wakachanga, wakapandisha mabati, mambo yakaenda. Kisha watu wakaanza kupungua. Anasema siku hizi akitangaza mfungo, washirika wanaangaliana. Wazee wake wamemwambia azidishe kufunga na kukesha. Kijana wa watu amefunga mpaka suruali haimkai. Sasa anauliza: imani yangu ndiyo ndogo?

MCHUNGAJI: Kwanza pole, ndugu yangu. Pili, hao wazee wamempa dawa siyo.

MWALIMU: Mapema yote hii?

MCHUNGAJI: Mapema, ndiyo. Mtu amekonda, unamwongezea njaa? Na ni hapa hapa Malindi?

MWALIMU: Ngoja niwaeleze walio mbali. Aprili 2023, huko msitu wa Shakahola, magharibi mwa mji wetu, polisi walianza kufukua makaburi. Waumini walikuwa wameaminishwa kwamba wakijinyima chakula mpaka wafe watakutana na Yesu. Miili iliyotolewa ilipita 400, na watoto walikuwa wengi. Mochari ya hospitali ya Malindi ikajaa, zikaletwa kontena za baridi. Familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, kwa sababu vipimo vya DNA vilichukua muda. Mambo ya kesi tunayaachia mahakama. Sisi tunaongea kuhusu waliobaki madhabahuni.

MCHUNGAJI: Na waliobaki walibaki na jina baya. Unapanda tuktuk pale stendi umeshika Biblia, dereva anakutazama kwenye kioo, anakuuliza, "Wewe ni wa kanisa gani?" Si kwamba anataka kuokoka. Anakukagua.

MWALIMU: Uliudhika?

MCHUNGAJI: Mwanzo nilikuwa naudhika, kwa nini nikudanganye. Miaka yote umezika watu wao, umewaombea wagonjwa, umesuluhisha ndoa, halafu unapimwa kama mwizi. Lakini nikueleze kitu. Sisi shule ya Jumapili tunawapa watoto uji kabla ya somo, wengine hutoka nyumbani bila chai. Baada ya Shakahola mama mmoja alimleta mwanawe, hakuondoka. Akaketi benchi la nyuma, leso kaivuta mpaka kwenye paji. Uji ulipokuja, akakichukua kikombe cha mtoto, akakinusa, akanywa funda moja, akasubiri. Kweli alisubiri, Mwalimu. Watoto wengine washamaliza. Ndipo akampa mwanawe. Na Jumapili iliyofuata vivyo hivyo.

MWALIMU: Walimu wako walisemaje?

MCHUNGAJI: Mmoja alitaka kumwambia, "Mama, hapa ni kanisa la kweli." Nikamzuia. Kila mtu anasema lake ndilo la kweli, hata kule msituni walisema. Tulichofanya ni kulitoa darasa ndani, tukaliweka barazani. Anayepita njiani aone mtoto anafundishwa nini na anakunywa nini.

MWALIMU: Na yule mama?

MCHUNGAJI: Bado anaonja. Siku hizi lakini anaonja na kulalamika sukari ni kidogo.

MWALIMU: Hiyo sasa ni hatua! Lakini mimi hapo ndipo naona ujasiri ulipo, kuliko kwenye kipaza sauti. Tumezoea kumwita jasiri mhubiri anayepiga kelele, anayekemea pepo mpaka shati linalowa. Kukubali kukaguliwa na mama aliyeogopa, na usimfanye aone haya, hiyo inataka kifua.

MCHUNGAJI: Inataka. Kwa sababu kiburi cha madhabahu kipo, tusidanganyane.

MWALIMU: Turudi kwa kijana wetu. Umesema dawa siyo. Dawa iko wapi?

MCHUNGAJI: 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, umati umeona. Yezebeli anatuma mjumbe mmoja tu kumtishia, na mtu wa moto anatimua mbio mpaka Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Nabii huyo! Sasa wewe ungekuwa malaika ungemwambia nini?

MWALIMU: Ningemuuliza imani yake imekwenda wapi.

MCHUNGAJI: Kama wale wazee. Malaika alimgusa akasema, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na hakugombezwa kwa kulala. Malaika akaja mara ya pili, chakula tena. Mahubiri hakuna. Mtumishi anatamani kufa nyikani, na Mungu anamletea chakula. Mimi hiyo sura nimeihubiri miaka mingi, lakini tangu 2023 siwezi kuisoma kwa sauti ile ile. Huko Shakahola kuna watu waliambiwa kinyume chake kabisa, kwa jina la Mungu huyo huyo.

MWALIMU: Mtu atakujibu kwamba Eliya baadaye alikwenda siku 40 bila kula.

MCHUNGAJI: Amalizie kuusoma mstari! Alikwenda kwa nguvu za chakula kile. Alikula kwanza.

MWALIMU: Haya, hapo umenifunga. Lakini hupingi mfungo.

MCHUNGAJI: La, nafunga. Ila mfungo una mwisho, una maji, na aliye mgonjwa, mjamzito, mtoto, anayemeza dawa, hao hawamo. Na kiongozi asiyeruhusu mtu kuuliza "tunafungua lini?" huyo mkimbie.

MWALIMU: Sasa nikusumbue kidogo. Wewe una mtu wako unayempenda kumtaja, Rebmann.

MCHUNGAJI: Usimguse Rebmann!

MWALIMU: Waeleze watu kwanza, halafu nimguse.

MCHUNGAJI: Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika pwani hii 1846, akakaa Rabai, karibu na Mombasa, na mmisionari mwenzake Krapf. Krapf mwenyewe alikuwa keshazika mkewe Rosine na kichanga chao, 1844, hapo Mombasa. Mwaka 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, wasomi wa London wakamcheka, ati theluji Afrika? Akaendelea na kazi yake. Waongofu wa kuhesabu kwa vidole. Alikaa mpaka 1875, akarudi kwao kipofu, akafa mwaka uliofuata. Miaka 29, Mwalimu. Mimi nikikosa washirika miezi miwili nataka kuhama!

MWALIMU: Namheshimu. Ila mnavyomhubiri kuna kasoro. Mnawaambia vijana, "Tazama Rebmann alivyoteseka," kana kwamba mateso ndiyo cheti cha wito. Kule Shakahola pia watu walivumilia, na kwa uvumilivu wa kutisha. Uvumilivu peke yake hauthibitishi kwamba uko kwenye njia sahihi.

MCHUNGAJI: Hmm. Hapo...

MWALIMU: Sijamaliza. Na Rabai haikujengwa na mzungu mpweke. Kuna Waafrika waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakasomeshwa Nasik huko India, wakarudishwa pwani hii tangu miaka ya 1860. George David, William Jones. Hao ndio waliofundisha na kuongoza, na kanisa likapata watu wanaoishi humo. Jina la Rebmann kila mchungaji analijua. Ukitaja George David kwenye mimbari za Malindi, nani atainua mkono?

MCHUNGAJI: Wachache. Nakubali, wachache sana. Lakini nami nikujibu. Bila mtu wa kukaa, hao wengine wangekuta nini? Kuna kazi ambayo ni kukaa tu. Unafungua mlango, wamekuja sita, unahubiri kama wamekuja mia sita. Vijana wa siku hizi wakikosa umati miezi mitatu wanasema Mungu amewahamishia Nairobi.

MWALIMU: Wanahamishiwa Nairobi na Mungu, hawahamishiwi Langobaya!

MCHUNGAJI: Sijamsikia hata mmoja.

MWALIMU: Basi tusikubaliane, tusonge. Mimi nasema akae, lakini asikae peke yake. Hata Eliya alipolalamika, "Nimesalia mimi peke yangu," aliambiwa wapo 7,000 ambao hawajapiga goti kwa Baali, kisha akapewa Elisha. Huyu kijana ana nani? Katika ujumbe wake wote hakumtaja hata mchungaji mmoja jirani.

MCHUNGAJI: Hilo nililiona pia. Na kuhusu watu kupungua, asishtuke sana. Huu mji ni wa kale. Pale ufukweni kuna kanisa dogo la Wareno, lile lenye paa la makuti, na makaburi yake nje. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi 1542 akienda Goa, India. Katika barua yake anaeleza kuwa mzee mmoja Mwislamu wa hapa alimlalamikia: misikiti iko 17, inayosaliwa ni mitatu tu, nayo ina watu wachache.

MWALIMU: Kumbe malalamiko ya Ijumaa na ya Jumapili ni ndugu!

MCHUNGAJI: Tangu 1542. Na kitu kingine, aangalie kalenda. Upepo wa kusi ukichafua bahari, wavuvi wadogo hawatoki, na miezi ya mvua hoteli nyingi zinafunga. Vibarua wanarudishwa nyumbani. Sadaka itatoka wapi? Mtu asipime upako wake kwa kapu la mwezi wa Juni.

MWALIMU: Ulijifunza hivyo lini?

MCHUNGAJI: Korona ilinifundisha zaidi. Machi 2020 ibada zikasimamishwa. Julai tukafunguliwa, watu wasiozidi 100, saa moja tu, wazee na watoto wabaki nyumbani. Kwangu mia ilikuwa sikukuu, kwa hivyo hilo halikuniuma! Lakini miezi ile bila sadaka nililima. Nilipanda mhogo na kunde, nikauza. Baadhi ya washirika waliona aibu, mchungaji kushika jembe. Nikawaambia Paulo alishona mahema.

MWALIMU: Na hapa niseme neno kwa wazee wa kanisa wanaotusikiliza, maana mnatusikiliza, najua. Mwinjilisti wenu akifunga bila kupenda kwa sababu nyumbani hakuna unga, msiite huo mfungo. Mlipieni bima ya afya. Mpeni Jumatatu yake apumzike. Na akilia, msiitishe kikao.

MCHUNGAJI: Amina kubwa. Na mimi niseme upande wa pili. Baada ya Shakahola Rais aliunda jopo, likiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, lichunguze jinsi mashirika ya dini yanavyosimamiwa. Wenzangu wengi walikasirika, wakasema kanisa linawindwa. Hofu yao naielewa, serikali ikiingia madhabahuni haijui kutoka. Lakini mambo mengine hayahitaji serikali. Soma hesabu mbele ya watu. Mruhusu mshirika akupinge asilaaniwe. Mgonjwa aende hospitali, uombee akiwa njiani.

MWALIMU: Hesabu unasoma kweli, wewe?

MCHUNGAJI: Kila mwisho wa mwezi. Si mimi, mweka hazina anasoma, mimi naketi na watu.

MWALIMU: Basi kwa kijana wetu, tumpe kazi ya wiki hii.

MCHUNGAJI: Moja, avunje mfungo leo, ale wali na samaki, alale. Hiyo si dhambi, na wazee wakimuuliza aseme nimemtuma mimi. Kisha tumtafute. Nina rafiki mchungaji Marafa, na mwingine Gongoni. Nitawapigia wote wawili waende wakamwone, si kumhubiria, waketi naye. Akitaka kuja Malindi kupumzika siku mbili, kwangu kuna kitanda.

MWALIMU: Na asipoamua kuendelea?

MCHUNGAJI: Akiamua kupumzika huduma mwaka mzima, arudi shambani, asali kama mshirika wa kawaida, sitamwita Yona. Wito kama upo utamkuta huko huko. Akiamua kubaki na wale wachache wake, nitakwenda kuhubiri Jumapili moja, nauli juu yangu.

MWALIMU: Nauli juu yako? Hilo tumelirekodi. Wiki ijayo nataka tumlete huyo mweka hazina wenu, tumuulize kuhusu pesa za kanisa, yote, bila kuficha.

MCHUNGAJI: Mama mweka hazina hafichi. Atasoma mpaka deni langu la daftari la dukani.

MWALIMU: Ndiyo maana namtaka.

MCHUNGAJI: Basi nipe siku nne nililipe kwanza.

MWALIMU: Tatu. Wasikilizaji, tukutane wiki ijayo. Mungu awalinde.