Tela Halifuati Kichwa: Kupita Kipilefti Pamoja na Magari Marefu

MWAJUMA: Karibuni kwenye kipindi. Leo tuko kwenye kipilefti, sisi wa magari madogo, bodaboda na bajaji, pamoja na semi (kichwa cha lori, yaani sehemu ya mbele yenye injini na dereva, na tela lililokamatana nacho), pulling (lori linalovuta tela jingine nyuma), mabasi ya mikoani, hadi gari bovu linalovutwa kwa kamba. Kaka Rama, tuanzie Msamvu pale Morogoro, yanapoachana malori ya Iringa na yale ya Dodoma.

RAMA: Mfano mzuri, dada. Pale unaona kosa moja linalozaa mengine yote. Watu wanadhani tela linapita palepale kichwa kilipopita. Halipiti. Matairi ya nyuma hukata kona kwa ndani.

MWAJUMA: Kwa kiasi gani?

RAMA: Chukua semi ya kawaida yenye kontena la futi 40, urefu wote kama mita 16 au 17. Kutoka kwenye pini, pale tela linapokamatana na kichwa, hadi katikati ya ekseli za nyuma ni kama mita 8. Pini ikizunguka umbali wa mita 20 kutoka katikati ya duara, ekseli za tela zinaingia ndani karibu mita 1.7. Ikizunguka umbali wa mita 15, zinaingia mita 2.3. Ukiwa mita 12, zinaingia zaidi ya mita 3.

MWAJUMA: Mita 3 ni karibu njia nzima!

RAMA: Ndiyo, njia moja kwa kawaida haizidi mita 3.5. Kule Ulaya sheria inataka lori ligeuke ndani ya duara ambalo ukingo wa nje uko mita 12.5 kutoka katikati, na wa ndani mita 5.3. Ukitoa, lori limefagia upana wa mita 7.2, na hilo ni lori lililofaulu kipimo. Kwa hiyo ukikuta semi imekaa juu ya mstari unaogawa njia mbili kabla ya kuingia kipilefti, usimpigie honi. Anazihitaji zote mbili.

MWAJUMA: Sasa hapa nataka tukae kidogo, maana upande wa hatari haubaki mmoja.

RAMA: Hapa ndipo watu wanapofia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo tunakizunguka kipilefti kwa kufuata mshale wa saa. Lori likiingia linapinda kushoto kwanza, tela linabana kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Likishaingia linapinda kulia kuzunguka duara, tela linahamia kulia, linabana upande wa bustani ya katikati. Likitoka linapinda kushoto tena, na tela linarudi kubana kushoto. Kipilefti kimoja, tela limebadili upande mara mbili. Wewe uliyekuwa salama kushoto kwake sekunde tano zilizopita, wakati wa kutoka huna nafasi tena.

MWAJUMA: Na jina lenyewe limetokana na kile kibao cha Kiingereza kinachosema shika kushoto. Bodaboda anashika kushoto kwelikweli, anajipenyeza kati ya lori na ukingo.

RAMA: Na lori linamkaribisha bila kujua. Dereva anayetaka kutoka njia ya kwanza kushoto hujitanua kulia kwanza ili tela lisipande ukingo. Nafasi inafunguka kushoto, pana kabisa, bodaboda anaona ameachiwa njia. Halafu kichwa kinakata kushoto na nafasi inajifunga kutoka mbele kwenda nyuma. Anayepita anakutana na ubavu wa tela, na chini ya ubavu huo, kati ya matairi ya kichwa na ekseli za tela, kuna uwazi wa mita kadhaa. Ndiyo maana yale mavyuma ya pembeni ya tela yana kazi kubwa. Yanamzuia mtu asiangukie chini mbele ya matairi ya nyuma. Mwenye gari akiyaona yamepinda, ayanyooshe au ayafunge mapya kabla ya safari.

MWAJUMA: Dereva hamuoni kwenye kioo?

RAMA: Mara nyingi hamuoni. Kichwa kikishapinda, vioo vinapinda nacho. Akipinda kushoto, kioo cha kushoto kinajaa ubavu wa tela tu, na cha kulia kinatazama nje, mbali na tela. Akipinda kulia kuzunguka duara, mambo yanageuka: cha kushoto ndicho kinachotazama nje, na mkia wa tela upande huo hauonekani tena. Ongeza kwamba yeye amekaa kulia, juu. Pikipiki iliyosimama hatua mbili mbele ya bampa, au chini ya mlango wa kushoto, haipo machoni pake.

MWAJUMA: Kwa hiyo ushauri wa "hakikisha unaona vioo vyake" unatosha barabara iliyonyooka, ila kwenye kona hautoshi.

RAMA: Hautoshi hata kidogo. Kwenye kipilefti ushauri ni mmoja: kaa nyuma, usikae ubavuni. Acha mita 10 hivi nyuma ya tela, hata kama njia ya pembeni iko tupu. Usiingie sambamba naye. Lori lililojaa likianza kutoka kusimama linaweza kuchukua sekunde 10 au zaidi hadi mkia wake upite mdomo wa kipilefti. Gari dogo linachukua kama nne au tano. Hizo sekunde tano au sita unazotaka kuokoa ndizo unazozilipia uhai.

MWAJUMA: Na aliyekwisha kujikuta ubavuni?

RAMA: Afunge breki, aache tela limpite. Asiongeze mafuta kujaribu kulimaliza, kwa sababu nafasi inafungwa kuanzia mbele. Bodaboda aliyebanwa kushoto apande ukingo na pikipiki yake, au aiache pikipiki aruke. Akishabanwa hivyo, kusimama tuli barabarani kando ya ukingo akingoje lipite hakusaidii, maana matairi ya tela yanakuja hukohuko. Na upande wa bustani, pakiwa na ule mkanda wa mawe ulioinuka kidogo kuzunguka duara, ujue umejengwa kwa ajili ya matairi ya tela. Si mahali pa bajaji kusubiri abiria.

MWAJUMA: Basi la mkoani je? Halina tela.

RAMA: Basi lina mkia mrefu nyuma ya ekseli ya mwisho. Linapoanza kupinda kulia, kona yake ya nyuma kushoto inatoka nje. Usiligande.

MWAJUMA: Twende kwa dereva wa lori mwenyewe.

RAMA: Kwanza mwendo. Afrika Mashariki uzito unaoruhusiwa unafika tani 56 kwa ekseli 7. Mzigo umepanda juu, kipilefti kinabana. Kontena refu lililojaa, kwenye mzunguko wa mita 20, linaweza kuanza kunyanyua matairi ya ndani karibu na kilomita 30 kwa saa. Na barabara nyingi za kipilefti zimelazwa kuelekea nje ili maji yatoke, jambo linalozidisha kuelemea. Ingia na 15, gia umeshaichagua, usibadilishe katikati. Sehemu mbaya kuliko zote ni kutoka: mzigo ulikuwa umelalia kushoto, ghafla unatupwa kulia. Tenka lenye mafuta nusu ndilo linalotisha, kwa sababu mafuta yanakimbia pamoja na kona. Na dereva hahisi mapema, tela linaweza kuwa limeanza kuinuka nyuma na kichwa bado kimetulia. Kabla ya safari, loki zote nne za kontena zifungwe.

MWAJUMA: Msamvu hiyohiyo, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka. Watu zaidi ya 100 walifariki, wengi wakiwa wamekwenda kuchota mafuta. Tenka likianguka, ondokeni, zimeni injini na simu, wekeni watoto mbali.

RAMA: Kabisa. Jambo la pili kwa dereva: azibe nafasi ya kushoto mapema. Awashe indiketa na akalie njia zote mbili kabla hajafika mdomoni, bodaboda asipate pa kuingia. Utingo aangalie kushoto na aseme, asilale.

MWAJUMA: Na wanaotoka Rwanda, Burundi na Kongo?

RAMA: Kule wanaendesha kulia. Ukivuka Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kipilefti kinazunguka kinyume cha saa na yote niliyoeleza yanageuka upande. Lori lenye usukani wa kushoto likiwa huku kwetu, upande asiouona vizuri ni kulia, ambako ndiko magari yenye haki ya kupita yanatoka. Hata kama haki ni yako, usiikazie. Mtazame kama amekuona.

MWAJUMA: Tumalizie gari linalovutwa. Hili nalo ni la kila siku.

RAMA: Magari mawili na kamba huhesabika kama gari moja refu. Bodaboda haioni kamba, inakata katikati. Fungeni kitambaa chekundu katikati ya kamba na washeni hazadi gari la nyuma. Kwenye kona kamba inalegea, halafu inakaza kwa kishindo. La nyuma, injini ikiwa imezima, breki na usukani vinakuwa vizito mno. Bomba la chuma ni bora kuliko kamba, maana linazuia la nyuma lisimgonge wa mbele.

MWAJUMA: Na kama bomba hakuna, na kipilefti kimejaa malori?

RAMA: Subirini bredauni. Na mkilazimika kulisogeza kidogo tu pembeni, wa nyuma asichomoe ufunguo. Usukani utajifunga katikati ya kona.