Hewa Inatoka Kidogo: Tafuta Njia ya Hewa Kabla ya Kuongeza Gesi

Asanteni kwa kufika, na karibuni viti vya mbele. Wengi wenu hapa Houston mnaishi kwenye nyumba yenye AC moja inayopoza nyumba nzima: mashine moja iko nje, nyingine iko ndani, mara nyingi darini, na dakti, yaani mirija mikubwa ya hewa, zinasambaza hewa chumba hadi chumba. Mtu aliyezoea kiyoyozi cha ukutani cha Dar es Salaam au Mombasa, chumba kikiacha kupoa, wazo la kwanza ni gesi. Anamwita fundi, gesi inaongezwa, analipa, na baada ya siku chache joto liko palepale. Ninachowaomba leo ni hiki: hewa ikitoka kidogo kwenye matundu, anzeni kuifuatilia hewa yenyewe. Gesi iwe ya mwisho.

AC inavuta hewa ya nyumba, inaipitisha kwenye koili baridi, hewa inaacha joto na unyevu hapo, kisha inarudishwa vyumbani. Nguvu ya AC hupimwa kwa tani: tani moja ya upozaji ni kuondoa joto la BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, na kila tani inahitaji takribani futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika. Mashine ya tani tatu, basi, inataka futi 1,200 kila dakika. Ikipata 700 tu, koili inakosa joto la kutosha la kuchukua, inashuka chini ya kiwango cha kuganda, na unyevu wa mji huu unageuka barafu juu yake. Barafu inaziba nafasi kati ya mapezi ya koili, hewa inapungua zaidi, na barafu inaongezeka. Ndiyo maana AC inaweza kuanza vizuri asubuhi, na ikifika alasiri matundu hayatoi kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza: je, kuna barafu? Angalieni bomba nene lenye sponji nyeusi linaloingia kwenye mashine ya ndani. Likiwa na jasho, ni kawaida. Likiwa na ukoko mweupe, zimeni upozaji kwenye themostati na feni muiweke kwenye ON. Subirini iyeyuke yote. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima. Msiigonge kwa bisibisi, maana mirija ya koili ni myembamba na ikitoboka mtakuwa mmetengeneza tatizo la gesi ambalo halikuwapo. Tandikeni taulo na mchungulie beseni la maji chini ya koili, kwa sababu barafu nyingi ikiyeyuka kwa pamoja inaweza kulifurika na kulowesha dari.

Swali la pili: udhaifu uko matundu yote, au chumba kimoja? Hapa ndipo kazi nyingi inapookolewa. Matundu yote yakiwa dhaifu, kosa liko mahali ambapo hewa yote hupita: filta, koili, feni, au mdomo wa kuvutia hewa, yaani tundu kubwa lenye wavu linalorudisha hewa ya nyumba kwenye mashine. Chumba kimoja kikidhoofika, fuateni dakti ya chumba hicho.

Tuanze na filta. Zimeni AC, itoeni, mwangalie kama mwanga unapita. Filta ya inchi moja hubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu, na kwenye nyumba yenye watu wengi, mbwa au paka, msivuke mwezi. Mshale ulio ukingoni uelekee kwenye feni. Chunguzeni pia kama kuna filta mbili, moja kwenye wavu wa ukutani na nyingine kwenye mashine darini. Hiyo ya pili hukaa miaka bila mtu kuikumbuka, na huwa imegeuka blanketi la vumbi. Jambo lingine: filta ya inchi moja ya MERV 13 (MERV ni kipimo cha uchujaji, namba ikiwa kubwa huchuja zaidi), hata ikiwa mpya kabisa, inaweza kuibana mashine iliyojengewa mdomo mdogo. Jaribio ni rahisi. Washeni feni bila filta kwa dakika mbili tu, mkono ukiwa kwenye tundu. Hewa ikiruka kwa nguvu, mmempata mkosaji. Rudisheni filta ya MERV 8, kisha fikirieni kuongeza ukubwa wa mdomo.

Milango na matundu nayapitia haraka. Kufunga matundu ya vyumba visivyotumika hakupunguzi bili. Kunaongeza mgandamizo kwenye dakti na kuinyima koili hewa. Fungueni yote. Na kama chumba cha kulala kinadhoofika mlango ukifungwa, hewa inayoingia haina pa kurudia, hasa nyumba yenye mdomo mmoja wa kuvutia ulioko koridoni.

Sasa feni ya ndani, na hapa tukae kidogo. Zimeni breka kwanza, yaani swichi ya kukata umeme wa mashine, si themostati peke yake. Mkifungua mlango wa mashine mtaona gurudumu lenye mabawa mengi membamba yaliyopinda. Mulikeni tochi ndani ya mpindo wa kila bawa. Vumbi hujaa humo ndani mpaka bawa linakuwa bapa, na bawa bapa halishiki hewa. Mota inazunguka, sauti ni ya kawaida, mwenye nyumba anaapa kwamba feni ni nzima, kumbe hewa imepotea. Kulisafisha vizuri kunataka gurudumu litolewe lioshwe. Kulipiga brashi likiwa ndani huacha uchafu upande mmoja, na litatikisika. Koili nayo muikague upande unaopokea hewa. Upande wa pili hung'aa hata koili ikiwa imeziba.

Mota ikiunguruma bila kuzunguka, au ikizunguka pole huku ina joto kali, shukuni kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza na kuendelea kuzunguka. Kwa mota za kawaida za feni huwa ya mikrofaradi 5 hadi 10, na thamani pamoja na asilimia inayoruhusiwa vimeandikwa ubavuni. Iliyoandikwa 10 ikipimwa ikatoa 7, badilisheni kwa thamani ileile, na volti zisiwe chini ya zilizoandikwa. Lakini kapasita hushika umeme hata breka ikiwa imezimwa. Asiyejua kuitoa chaji na kuipima kwa mita, asiiguse. Mota nyingi za kisasa za ECM, zinazojirekebisha kasi zenyewe, zina tabia nyingine: njia ikibana, zinajilazimisha kukimbia zaidi kulinda kiwango cha hewa, kwa hiyo dalili ya kwanza inaweza kuwa kelele na bili ya umeme, kabla hewa haijapungua.

Darini pandeni alfajiri. Mchana wa kiangazi huko joto ni hatari kwa mtu. Dakti laini zinatakiwa kushikiliwa na mikanda kila futi 4 au 5. Tafuteni palipokunjika kwenye kona, mkanda uliokaza hadi kuunyonga mrija, sanduku lililowekwa juu yake, au mrija uliochomoka kabisa na kupoza paa. ENERGY STAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kuokoa nishati, wanaeleza kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya dakti hupotea kwa mianya na maungio mabovu. Zibeni kwa mastiki ya kupaka (gundi nzito ya dakti) au tepu ya foili yenye alama ya UL 181, kiwango cha vifaa vya dakti. Tepu ya kitambaa hukauka na kubanduka darini. Mwanya upande wa kuvuta ni mbaya zaidi, maana unaingiza hewa ya moto na vumbi la darini moja kwa moja kwenye mashine.

Yote hayo yakiwa sawa na hewa bado haba, mwiteni fundi mwenye manomita, kipimo cha mgandamizo wa hewa, apime mgandamizo kabla na baada ya mashine. Mashine nyingi za nyumbani zimepangiwa jumla ya inchi 0.5 za maji, ndivyo mgandamizo huu unavyohesabiwa. Akisoma 0.9, mfumo umekabwa, na upande wenye namba kubwa ndio wa kushughulikia. Mara nyingi ni wa kuvuta. Kadirio zuri ni inchi za mraba 200 za wavu wenye filta kwa kila tani. Tani tatu zinataka 600, yaani wavu wa 20 kwa 30. Wenye wavu wa 20 kwa 20 wana 400 tu, na dawa yao ni kuongeza mdomo wa pili.

Na gesi? Pimeni joto la hewa kwenye wavu wa kuvuta na kwenye tundu la karibu, mashine ikiwa imefanya kazi dakika 15 bila barafu. Tofauti ya kawaida ni nyuzi 15 hadi 22 za Fahrenheit, na unyevu mwingi huishusha kidogo. Hewa dhaifu yenye tofauti kubwa kuliko hiyo ni tatizo la njia ya hewa. Hewa yenye nguvu lakini tofauti ndogo, hapo shukuni gesi au kompresa, pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli, ikipungua, imevuja. Sheria ya Marekani inataka anayeishughulikia awe na cheti cha Kifungu cha 608 cha EPA, wakala wa mazingira wa serikali. Muulizeni cheti hicho, kisha muulizeni inavujia wapi, kabla hajafungua mtungi.