Shemeji Yenu Bado Yuko Tanga, Naomba Niwajibu kwa Pamoja

Assalam alaykum, hamjambo nyote mlioko nyumbani na mlioko huku. Leo sijapika na wala sitawatembeza madukani. Nimekaa hapa na sare yangu ya kazi kwa sababu kila nikipandisha video, hata iwe ya mapishi ya mchuzi wa samaki, chini nakuta swali lile lile: "Dada, shemeji mbona haji?" Wengi mnauliza kwa mapenzi, nawajua hata majina mnayotumia. Wengine mnauliza kwa namna nyingine: kwani ni kweli umeolewa, au mume umemwacha kwao makusudi?

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu jambo hili ukiligusa huna pa kushika. Nikitaja pauni, nitaambiwa najigamba. Nikisema nimechoka, nitaambiwa si urudi, nani kakushika. Basi mniwie radhi, leo nitataja pauni na nitasema nimechoka, maana bila hayo mawili sina jibu.

Jibu fupi ni kwamba ombi la mume wangu la viza ya mwenza, ya kuja kuishi nami huku Uingereza, halijaamuliwa. Halijakataliwa, mnielewe hapo. Halijaamuliwa. Nani kalishika na kwa nini, sijaambiwa.

Halafu naomba tusichanganye. Kuna wanaoniandikia kwamba Uingereza imeshapiga marufuku watu kuleta wenza wao. Waliofungiwa ni watu wa aina fulani za viza, kama waliokuja kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, wale tangu tarehe 11 Machi 2024 wakiomba viza hiyo hawakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto. Mimi nina ukaazi wa kudumu, njia yangu ni nyingine. Na mnaonishauri nichukue uraia wa huku ili mambo yaende haraka, kwa viza ya mwenza ukaazi wa kudumu unatosha, uraia hausogezi faili mbele. Sheria yetu ya Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mimi pasipoti yangu ya Tanzania siiachii kwa sababu ya foleni, hilo ni langu binafsi.

Tuje kwenye hela. Tulituma ombi mwaka 2025. Ada ya ombi lenyewe ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kwanza ni ya miezi 33, unalipishwa ya miaka mitatu kamili, pauni 3,105. Jumla 5,043, zinalipwa siku hiyo hiyo unayotuma ombi. Kwa madafu hiyo ni zaidi ya milioni 15, na hapo hujahesabu mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, wala nauli na malazi ya Dar. Wakikukataa, tozo ya afya inarudi. Ile ada hairudi.

Sasa mtu akisikia milioni 15 anasema huyu dada ana hela. Ndugu yangu, mimi ni mhudumu wa wodini. Hela ile ni zamu za usiku, ni Idd niliyokula nikiwa kazini, ni mwaka ambao sikununua hata koti. Na kabla hujafika kwenye kulipa, lazima uonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilikuwa 18,600, na kilikaa hapo tangu 2012. Kikaruka. Mshahara wangu wa msingi haufiki 29,000, kwa hiyo ilinibidi nifanye ovataimu miezi sita mfululizo ili hati za mshahara zitimie, na kila hati ilingane na taarifa ya benki hadi senti ya mwisho. Hiyo miezi sita nilikuwa nalala mchana na kuamka magharibi. Nani aliniona najigamba?

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mume wangu ana kazi yake. Anauza spea za baiskeli Ngamiani, na mnaoijua Tanga mnajua baiskeli kule ni mguu wa mtu. Biashara ile imemlea yeye na wadogo zake. Lakini kipato cha mwombaji anachokipata huko aliko hakihesabiwi. Hata angekuwa anaingiza mara tatu ya mshahara wangu, kwenye fomu hakina nafasi. Kinachoweza kuhesabiwa ni akiba iliyolala benki miezi sita, na ukitaka akiba peke yake isimame badala ya mshahara, iwe pauni 88,500. Kwa hiyo mtu mzima, mfanyabiashara, mbele ya makaratasi anasomeka hana kitu. Halafu mtaani huko huko wanamwambia anasubiri kulelewa na mwanamke. Nawaomba sana, mkipita dukani kwake msimwambie hilo neno. Analisikia.

Makaratasi sitayaeleza yote, mengi mnayajua. Nitagusa machache yaliyotutesa. Majina, kwanza. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu kwa herufi hizi, kitambulisho cha NIDA kina herufi nyingine, cheti cha ndoa aliyekiandika kaandika alivyosikia. Kwetu huyo ni mtu mmoja, mtaa mzima unamjua na babake na babu yake. Mtu anayelisoma faili hamjui. Tukaenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu huyo huyo. Nakushauri uyapange majina yako kabla hujafunga safari ya kitu kingine chochote.

Pili, kipimo cha kifua kikuu. Kinafanyika Dar kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake kinaishi miezi 6 tu. Ukikimbilia kupima wakati hati za mshahara za mwenzako hazijatimia, kinaweza kufa mkononi. Alama za vidole nazo ni Dar. Kutoka stendi ya Kange unapita Segera, unapita Chalinze, siku nzima imekwisha, na fremu umeifunga. Nani anamlipa mauzo ya siku hiyo?

Tatu, ushahidi kwamba mnapendana. Hapa sijui nisemeje. Unatakiwa uonyeshe kwamba ndoa ni ya kweli, kwa hiyo unatoa picha, tiketi za safari, risiti za kutumiana hela na mazungumzo ya simu. Mazungumzo yetu ni ya Kiswahili, na kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima itafsiriwe, mtafsiri aweke tarehe, sahihi na anwani yake. Maana yake mtu mwingine anakaa na kusoma ulichomwambia mumeo usiku wa manane. Mimi nimelelewa na bibi Makorora, mambo ya chumbani hayavuki mlango. Nilichagua kurasa chache zinazozungumzia kodi, ugonjwa wa mama mkwe na bei ya matairi, nyingine nikazifungia. Wengine wanatoa kila kitu na hawaoni tabu. Kila mtu na haya zake.

Tukatuma. Tukahesabu muda ulioandikwa kwenye tovuti, na muda ukapita. Ndipo ikaja barua pepe kusema ombi letu limeonekana si rahisi na litachukua muda mrefu kuliko kawaida. Lini litakwisha, hawakusema. Kitu gani si rahisi, hawakusema. Nilipoisoma nilikuwa kwenye basi natoka zamu, na nilipitiliza kituo. Wenzangu wanaopitia haya wanaijua barua hiyo, inakuja kwa wengi na haina maana kwamba utakataliwa. Ila usiku ule mimi sikulijua hilo, nilijiona kama nimeshtakiwa.

Tunaishije sasa? Nitasema ya kwetu tu, usije ukayachukua kama dawa ya kila mtu.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuitengea viza siku yake. Tunaizungumza Jumapili. Siku nyingine ni marufuku, labda iwe kuna barua mpya. Kabla ya hapo kila simu ilikuwa ni "wamejibu?" "hawajajibu", tunakata, kila mmoja analala na hasira zake. Tulifika mahali mume wangu anaogopa kunipigia. Wakati wa baridi Tanga inatutangulia saa tatu, kiangazi saa mbili, na mimi nafanya usiku, kwa hiyo muda wa kuongea wenyewe ni mdogo. Siwezi kuutumia wote kwa habari za ofisi. Sasa ananieleza Coastal Union wamechezaje Mkwakwani, nani kafiwa, nani kaoa. Ndoa yetu imerudi kwenye simu.

La pili ni fremu, na hapa ndipo ninapopasimamia kwa nguvu zangu zote. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima. Rafiki zake wote wakamwambia usilipe, wewe ni mtu wa kuondoka, lipa miezi mitatu mitatu, mzigo usiongeze, uza ulichonacho ufunge. Hata ndugu yake mmoja akamwambia amwachie duka mapema alizoee. Akanipigia kuniuliza. Nikamwambia lipa mwaka na ongeza mzigo. Akanyamaza, akaniuliza, kwani wewe huamini kwamba nitakuja? Nikamwambia naamini, ila sitaki siku wanayojibu wakukute umekaa barazani huna kazi, na wakichelewa tena wakukute umekaa barazani huna kazi.

Maana nimeyaona. Namfahamu mtu, simtaji wala mji wake siutaji, aliyeuza pikipiki zake na kuacha kibarua kwa sababu mkewe wa Ulaya alimwambia viza iko karibu. Ikachelewa. Akawa anaomba hela ya vocha kwa mkewe. Heshima ikaondoka kwanza, ndoa ikafuata. Viza ilipotoka, hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Wakati wa kusubiri mnamwambia mtu asipande chochote kwa kuwa anahama, halafu mnashangaa amekonda.

Kuhusu akina mama. Mama mkwe wangu ni mtu mzima, Mungu ampe afya. Kila akienda msibani au harusini anaulizwa "mwana vipi, haendi tu?" Amefika mahali hataki kutoka. Wifi yangu ndiye aliyeniambia, yeye mwenyewe asingesema. Hivi mama wa watu ana kosa gani? Ofisi iko ng'ambo ya bahari, yeye hata fomu hajaiona. Nikimpigia namwambia, mama, wakikuuliza sema shauri liko kwa mkwe wangu, mpigieni yeye. Maswali yaje kwangu, mimi ndiye niliyeandika majina yetu mle.

Mnaoniambia kuna mtu anaweza "kuisukuma", alikuja mmoja mpaka dukani. Alisema ana mtu wake ndani, akataja kiasi. Mume wangu alikataa, namshukuru sana. Nani aliye nje ya ile ofisi ataligusa faili? Na huku Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, isipokuwa wanasheria wanaosimamiwa na vyama vyao. Anayejiita mshauri muulize namba yake ya usajili, akibabaika ondoka. Mlango halali uliopo ni mbunge wa eneo unaloishi huku. Wengi hamjui hili. Ofisi yake inaweza kuandika kuulizia ombi lako, na hulipi kitu. Tena sisi Watanzania wenye ukaazi, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, tuna haki hata ya kupiga kura huku, kwa hiyo usiende kwa unyonge. Mimi niliandika. Jibu lililokuja ni kwamba ombi linaendelea kushughulikiwa. Ni kidogo, lakini nililala usiku ule, kwa sababu nilijua faili lipo na halijapotea.

Mnaouliza kwa nini asije kwanza kwa viza ya kutembea, kwetu tuliona hapana. Mtu mwenye mke huku na ombi la kuhamia liko mezani, atamshawishi nani kwamba atarudi? Na akikataliwa, inakuwa jambo jingine la kuelezea. Nauli hiyo naitumia mimi. Likizo yangu yote inaishia Tanga.

Nimalizie na dada wa Pangani aliyeniandikia faragha, kaniruhusu nimjibu hapa bila kumtaja. Wewe ni mwalimu, umeajiriwa serikalini, na mumeo aliye huku anakutaka uache kazi ukae tayari. Mwambie mumeo, kwa adabu lakini umwambie, kwamba hakuna sehemu yoyote ya fomu inayotaka uwe huna kazi. Endelea kuingia darasani. Siku uamuzi ukitoka na viza iko mkononi, ndipo umfuate mwajiri wako uulizie likizo bila malipo kabla hujaandika barua ya kuacha. Kama mumeo ana sababu nyingine ya kutaka uache, akuambie hiyo sababu, asiitupie viza. Mimi simjui mumeo, na nyumba yako unaijua wewe, lakini hivyo ndivyo ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja.

Zamu yangu inaanza saa moja. Maswali ya karatasi yawekeni hapo chini, nitayajibu Jumapili.