Saini ya Lord Elgin: Serikali ya Madaraka Ilivyopatikana Kanada

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Leo tuko Montreal, mji mkuu wa Kanada wakati huo, mwaka 1849, na neno letu ni lile tulilolizoea huku kwetu: madaraka. Juni 1, 1963 Mzee Kenyatta aliapishwa kuwa waziri mkuu wa Kenya huku gavana wa Kiingereza bado yupo Nairobi. Kaka Dotto, mpangilio wa namna hiyo ulianzia wapi?

DOTTO: Kwenye makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini. Nova Scotia ilitangulia, Februari 1848, Kanada ikafuata Machi. Lakini dada, tuanze na kalamu. Sheria ya Muungano ya 1840 ilimpa gavana wa Kanada njia tatu muswada unapomfikia. Autie saini, aukatae, au auweke kando usubiri uamuzi wa malkia. Na hata akishausaini, London ilikuwa na miaka miwili ya kuufuta. Madaraka yalipokuja, vifungu hivyo havikuguswa. Kilichobadilika ni namna gavana alivyoitumia kalamu yake.

ZUHURA: Kwa hiyo ukiyatafuta madaraka ndani ya sheria yenyewe, huyaoni.

DOTTO: Huyaoni. Ndiyo maana ni lazima tuwaangalie magavana mmoja mmoja.

ZUHURA: Basi tumchukue Lord Durham. Makoloni mawili, Kanada ya Juu ya Waingereza na Kanada ya Chini ya Wafaransa, yaliasi mwaka 1837. Durham, kabaila mwenye migodi ya makaa ya mawe, akatumwa kuchunguza, akafika Quebec Mei 1838.

DOTTO: Akakuta magereza yamejaa. Wafungwa wanane akawapeleka uhamishoni Bermuda bila kesi. Bermuda haikuwa chini yake, kwa hiyo London ikalifuta agizo lile, naye akajiuzulu baada ya miezi mitano tu. Ishike hiyo Bermuda, tutairudia. Ripoti yake ya 1839 ikasema gavana atawale kupitia watu wenye imani ya Bunge la koloni, na London ibaki na mambo manne: katiba, mambo ya nje, biashara ya nje na ardhi ya umma.

ZUHURA: Ripoti hiyohiyo ilitaka Wafaransa wamezwe na Waingereza, na hilo tusilifunike. London ikachukua nusu ya ushauri. Iliyaunganisha makoloni mawili, madaraka ikayanyima. Kila upande ukapewa viti 42, ingawa upande wa Wafaransa ulikuwa na watu takriban 650,000 na ule mwingine takriban 450,000. Deni la Kanada ya Juu, lililotokana hasa na kuchimba mifereji ya meli, likawa la wote. Kumbukumbu za Bunge zikawa za Kiingereza peke yake.

DOTTO: Na hesabu hiyo ya viti ikawageuka walioipanga. Walitegemea wabunge wa Kiingereza wawe kundi moja. Lakini Robert Baldwin wa Toronto, kiongozi wa wanamageuzi wa Kiingereza, akaungana na Louis-Hippolyte LaFontaine wa Montreal, kiongozi wa wanamageuzi wa Kifaransa. Uchaguzi wa 1841, vurugu zilimkosesha LaFontaine kiti cha Terrebonne. Baldwin akamwombea kura kwa wakulima wa York, karibu na Toronto, Waprotestanti wanaozungumza Kiingereza, nao wakamchagua Mkatoliki Mfaransa. Mwaka uliofuata Baldwin naye alikosa kiti, na Januari 1843 jimbo la Rimouski la Wafaransa likamlipa fadhila. Kwangu mimi, hapo ndipo Kanada ilipoanza kuwa nchi.

ZUHURA: Sasa tuje kwenye ajira, maana hapo ndipo mgogoro ulipolipuka. Novemba 1843 karibu baraza lote la utendaji, yaani mawaziri, lilijiuzulu, na ugomvi haukuwa juu ya muswada. Gavana Metcalfe alikuwa anateua watu kwenye vyeo vya serikali bila kuwashauri mawaziri wake.

DOTTO: Msikilizaji asilione hilo kuwa dogo. Waziri asiyeweza kumteua hata karani wa mahakama ya wilaya, wapiga kura watamfuata kwa lipi? Kila mwenye shida atakwenda moja kwa moja kwa gavana, na gavana atakuwa ndiye kiongozi wa chama. Ndivyo alivyofanya Metcalfe. Mwaka 1844 aliingia mwenyewe kwenye kampeni, upande wake ukashinda kwa kura chache. Hatari yake ni kwamba gavana akishakuwa na chama, siku chama hicho kikishindwa, aliyeshindwa ni malkia.

ZUHURA: Hilo Elgin alilielewa mapema.

DOTTO: Mapema sana. James Bruce, Lord Elgin wa nane, alifika Januari 1847 akitokea kutawala Jamaica. Mkewe ni binti wa Durham. Waziri wa makoloni kule London, Lord Grey, ni mjomba wa mkewe. Undugu huu ulikuwa na kazi yake. Wote watatu walikuwa na wazo moja, na barua kati ya Elgin na Grey zilikuwa za watu wanaoaminiana. Kwanza Elgin alikaa na mawaziri aliowakuta, ambao hawakuwa na nguvu. Wakashindwa uchaguzi uliomalizika Januari 1848, na Machi Bunge likawaangusha kwa kura 54 kwa 20. Elgin akawaita LaFontaine na Baldwin waunde serikali. Januari 1849 akasoma hotuba ya kufungua Bunge kwa Kiingereza, kisha akaisoma kwa Kifaransa.

ZUHURA: Kisha ukaja muswada wa fidia. Kanada ya Juu ilikuwa imeshalipwa hasara za uasi. LaFontaine akataka Kanada ya Chini nayo ilipwe, kikomo pauni 100,000. Walioondolewa ni waliopatikana na hatia mahakamani, na wale wanane wa Bermuda.

DOTTO: Hapo ndipo uzito ulipo. Wengi walioasi hawakuwahi kufikishwa mahakamani, kwa hiyo kisheria hawakuwa na hatia na wangeweza kudai. Wapinzani, wakiongozwa na Sir Allan MacNab, wakalia kwamba serikali inawalipa waasi. Muswada ukapita Bungeni kwa 47 kwa 18. Maombi yakammiminikia Elgin: vunja Bunge, au uupeleke London. Akapima. Akivunja Bunge, watarudi walewale. Akiupeleka London, lawama itamwangukia malkia, na kila mtu atajua mawaziri wa Kanada hawana kauli kwenye fedha zao wenyewe.

ZUHURA: Aprili 25 alikuja Bungeni kwa haraka, kwa sababu sheria mpya ya ushuru wa forodha ilihitaji saini kabla meli za kwanza za msimu hazijashusha mizigo. Akaisaini miswada mingine siku hiyohiyo, na huu wa fidia ukiwemo. Alipotoka nje, gari lake la farasi likapokewa kwa mayai viza. Usiku umati ukalivamia jengo la Bunge, lililokuwa zamani Soko la St. Anne. Mtu mmoja akakalia kiti cha spika akatangaza kwamba Bunge limevunjwa. Moto ukawaka. Maktaba ya vitabu karibu 25,000 ikateketea, vikaokolewa kama 200 tu. Picha ya Malkia Victoria ilitolewa salama.

DOTTO: Waliochoma Bunge walijiita watiifu wa malkia. Aprili 30 Elgin alirudi mjini kupokea salamu za Bunge, mawe yakanyesha. Jiwe moja la kilo nzima hivi liliangukia ndani ya gari, akaliweka kama ushahidi. Ndugu yake, Kanali Bruce, akapasuliwa kichwa. Askari walikuwepo, na Elgin hakuwaruhusu kufyatua risasi. Akajifungia Monklands, nje ya mji, miezi kadhaa, akitukanwa magazetini kuwa mwoga.

ZUHURA: Aliogopa nini hasa?

DOTTO: Damu. Jengo hujengwa tena. Lakini Wafaransa na Waingereza wakishazikana kwa risasi za serikali, ule muungano wa LaFontaine na Baldwin umekwisha. Aliandika London kwamba yuko tayari kujiuzulu, Grey akakataa. Bunge la Uingereza likajadili kwa ukali, mwanasiasa Gladstone akiwa miongoni mwa wakosoaji, na sheria haikufutwa. Montreal ikapoteza makao makuu moja kwa moja. Serikali ikawa inahama kati ya Toronto na Quebec.

ZUHURA: Na MacNab?

DOTTO: Septemba 1854 serikali iliyokuwepo ilianguka, na MacNab ndiye aliyekuwa na wabunge wa kutosha, akishirikiana na Morin wa upande wa Wafaransa. Elgin bado ni gavana. Akamwita MacNab huyohuyo aunde serikali, na mwezi Desemba, kabla ya kuondoka Kanada, akaisaini miswada yake.