Karantini ya samaki wa mapambo kwa boksi la plastiki

Habari yako ndugu mtazamaji, karibu. Leo tunatengeneza tangi la karantini, yaani pa kuwatenga samaki wapya hadi tujue hawana ugonjwa, na hatununui kioo hata kipande. Fedha kidogo uliyonayo nataka iende kwenye hita, kile kifaa cha kupasha maji joto, na nitakuambia kwa nini.

Ila kazi haianzii kwenye boksi, inaanzia kwenye akwariamu uliyonayo sasa. Chukua chujio la sponji, lile dogo linaloendeshwa na pampu ya hewa, litumbukize pembeni mwa akwariamu yako na uliache likifanya kazi wiki nne kabla hujanunua samaki. Ndani ya sponji watazaliana bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Sponji mpya kutoka dukani haina bakteria hao, kwa hiyo samaki watakaa wakiungua matamvua huku maji yanaonekana masafi kabisa. Kama samaki umeshawanunua na sponji huna, usikate tamaa: badilisha robo ya maji kila siku na ulishe kidogo sana.

Sasa boksi. Hili hapa ni la kuhifadhia nguo, lita 50, linaonyesha ndani. Ukizunguka soko la Majengo hapa Dodoma hukosi. Diaba nalo linafaa, ila samaki utamwona mgongo tu, na dalili nyingi ziko ubavuni. Ndoo iliyowahi kuwekwa rangi au sabuni usiiguse. Jaza maji lita 35 au 40, usifike juu, maana kuta za plastiki hutanuka zikisukumwa na maji. Na liweke sakafuni au juu ya meza imara; hizo ni kilo 40, si mzigo wa stuli.

Ndani hatuweki mchanga wala mawe. Tunataka kuona kinyesi kikoje, na tukitia dawa isinywewe na changarawe. Weka vipande viwili vya bomba la PVC vya kujifichia, basi. Samaki asiye na pa kujificha hahemi vizuri wala hali chakula. Juu funika kwa kipande cha chandarua, kwa sababu samaki mgeni huruka.

Haya, hita. Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku baridi inashuka hadi karibu nyuzi 14. Boksi dogo linapoa haraka kuliko akwariamu kubwa. Shida si baridi peke yake. Kuna kimelea kinacholeta ugonjwa wa madoa meupe kwenye mwili wa samaki, nacho hukua kwa kufuata joto la maji: kwenye nyuzi 25 au 26 kinamaliza mzunguko wake ndani ya wiki moja hivi, kwenye maji ya baridi kinajivuta wiki kadhaa. Kwa hiyo ukiweka karantini ya wiki mbili Julai bila hita, utaona samaki wazima, utawahamisha, kisha ugonjwa utalipuka kwenye akwariamu yako ya sebuleni. Hita ya wati 50 inatosha. Ipitishe ndani ya bomba lililotobolewa matundu mengi ili isigusane na plastiki, na uichomoe kwenye umeme kabla ya kupunguza maji. Pampu ya hewa ikae juu zaidi ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yanarudi kwa mpira hadi kwenye pampu.

Maji: nusu yachote kwenye akwariamu yako, nusu yawe ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima huku yakipigwa hewa ili klorini itoke, au utie dawa ya kuondoa klorini. Maji yetu ya visima ni magumu, yaani yana madini mengi, utauona ule ukoko mweupe kwenye birika. Samaki kama gapi, moli na mbuna wa Ziwa Nyasa wanayapenda hivyo hivyo.

Samaki wamefika. Kama wametoka Dar es Salaam kwa basi, mfuko una amonia nyingi. Uelee juu ya maji dakika 15 ukiwa umefungwa, halafu ukishaufungua usicheleweshe: hewa ya ukaa (kabonidayoksaidi) iliyokuwa imebanwa inatoka, na amonia inageuka kali zaidi. Ongeza kikombe cha maji ya boksi mara mbili tatu, mtoe samaki kwa wavu, maji ya mfuko mwaga nje. Siku ya kwanza usilishe.

Wakae wiki nne. Kila asubuhi kabla ya chakula chuchumaa uangalie: madoa kama punje za chumvi, mapezi yaliyobanwa, kujisugua kwenye bomba, kuhema juu juu, kinyesi cheupe chembamba kama uzi. Ukiona madoa, pandisha joto la maji taratibu hadi nyuzi 28 au 29, ongeza hewa, na tia chumvi ya mawe gramu 1 hadi 2 kwa lita, iliyoyeyushwa kwanza kwenye jagi na kugawanywa siku nzima. Kambare wadogo wa mapambo hawaivumilii sana, wao anza na nusu. Chumvi haipotei na mvuke, kwa hiyo irudishe kwa kiasi cha maji uliyobadilisha tu. Doa la mwisho likishatoweka, anza upya kuhesabu wiki nne.

Wavu, mpira wa kunyonyea maji na ndoo ya boksi hili visiende kwenye akwariamu, hata siku moja unayojiona una haraka. Hudumia akwariamu kwanza, boksi baadaye, kisha nawa.

Wakimaliza salama bila dawa, sponji irudi kwenye akwariamu kusubiri wageni wengine. Kama kulikuwa na ugonjwa, itupe. Boksi na vifaa viloweke kwenye maji ya jiki, suuza sana, anika juani hadi vikauke kabisa. Maji ya kawaida ya boksi mwagia bustani. Yale ya chumvi usimwagie mchicha, yapeleke chooni.